Kutoka Nywele Mpaka Vidole vya Miguu

Kabla hujamwambia mama neno lolote kuhusu mtoto aliyemzaa, vuta kiti ukae. Usiseme umesimama. Mtu aliyesimama anaonekana anataka kukimbia, na mama aliyetoka kuzaa anayaona hayo kabla hujafungua mdomo. Mimi nilifundishwa kwa kofi la mgongo. Alinipiga Mama Zaina, mkunga mkubwa wa maternite yetu, nyumba ya kuzalishia hapa Kasongo, siku nilipomtangazia mama mmoja habari zake nikiwa mlangoni na beseni mkononi. "Weye mutoto," akaniambia, "unatangaza kama muuza mukate?"

Basi ninyi wanafunzi wa uuguzi mnaokuja kunisumbua kila Jumamosi na maswali yenu ya biolojia, leo kaeni niwaambie yote kwa mpigo, mimi Mama Feza wenu, kisha mniache nipande muhogo wangu. Nimezalisha watu hata nikipita sokoni nawatambua kwa visogo. Kuna bwana mkubwa mmoja hapa mjini ananipita na pikipiki yake bila salamu. Nacheka tu. Huyo nilimshika miguu juu, kichwa chini, akilia kama mbuzi. Na katika watoto wote waliopita mikononi mwangu, jamani, sijaona wawili walio sawasawa. Hata mapacha waliofanana mpaka baba yao akawachanganya, ukiwatazama vizuri utakuta mmoja ana alama ya kuzaliwa na mwenzake hana. Kazi yote hiyo nimeifanya, nimezeeka nayo, na mpaka leo mshangao haujaniisha.

Nilipopewa kufundisha saa chache shuleni kwenu, niliwaambia wanafunzi walete mahindi ya kienyeji, yale ya kutoka upande wa Wamaza yenye punje za rangi rangi. Mabichi, nilisema, na majani yake. Kesho yake mmoja akaja na gunzi. Nikamwuliza punje ziko wapi. "Mama, njaa ilinishika njiani." Kala somo! Tukatumia la mwenzake. Nikawaonyesha: tazameni, mhindi mmoja, shina moja, lakini hapa punje nyeupe, hapa ya manjano, hapa nyekundu nyeusi kama damu ya zamani. Kila punje ni mtoto. Mama yao ni mmoja, lakini kila mmoja aliletewa vumbi lake la ua na upepo, na hata vumbi la ua lilelile halibebi kitu kilekile mara mbili. Wakawa wanaligeuza lile hindi mikononi. Watu waliokula mahindi tangu waote meno, na siku hiyo ndiyo waliyaona.

Sasa hiyo kromosomu inayowatesa. Ndani ya kila seli ya mwili mna nyuzi, ndogo mno, na nyuzi hizo ndizo zimebeba maagizo ya wewe kuwa wewe. Ziko arobaini na sita. Zinakwenda mbili mbili: moja ya baba, moja ya mama. Yai la mama linatakiwa kubeba moja tu ya kila jozi, na mbegu ya baba vilevile, ili zikikutana jozi zitimie. Mama Zaina, ambaye alikuwa mtu wa kuswali, alinielezea kwa sandali. Anasema, nenda Ijumaa mbele ya msikiti utazame sandali mlangoni. Watu wengi, sandali nyingi, na wakitoka kila mtu anaondoka na zake. Mara moja moja katika msukumano, mtu anaondoka na tatu. Hakuiba. Hakukusudia. Hana dhambi. Ila amefika nyumbani na tatu.

Uzi wa ishirini na moja ukiingia mara tatu badala ya mbili, mtoto anazaliwa na kile vitabu vyenu vinachokiita trisomia ishirini na moja. Huweza kumpata mama yeyote, kijana au mtu mzima, ingawa umri wa mama ukisogea nafasi inaongezeka. Haitokani na kula nyama fulani wala kuruka mto wala kutukana wakwe. Na ninyi mnashangaa kwamba kosa hutokea! Mimi nashangaa kinyume chake. Seli moja inakuwa mbili, mbili nne, mpaka inakuwa mtu mzima mwenye kisigino na kope, na kila mara nyuzi zile zinagawanywa gizani bila taa, na karibu kila mara zinafika sawa. Nikilifikiria hilo nikiwa shambani, jembe linasimama lenyewe.

Hapa kwetu hakuna mashine ya kuhesabu nyuzi hizo. Damu ingetakiwa isafiri mbali sana. Kwa hiyo tunatumia macho na vidole: mtoto ni laini mno ukimbeba, anateleza mikononi kama kitambaa kilicholowa, macho yanapanda kwa nje, shingo nyuma ina ngozi ya ziada, na kiganjani mara nyingi kuna mstari mmoja unaokata moja kwa moja. Lakini angalieni msije mkafanya kama mimi. Mara ya kwanza kuuona mstari huo nilikimbia mpaka kwa Mama Zaina nikihema, "Mama, huyu anao, huyu anao!" Mama Zaina alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini, akanifungulia kiganja chake mwenyewe. Mstari mmoja, umekata moja kwa moja. "Na mimi unipime?" akauliza. Wakacheka wote, hata wagonjwa. Dalili moja haitoshi, wanangu. Watu wameumbwa tofauti, na tofauti peke yake si ugonjwa.

Haya, sasa nifike kwenye habari ninayotaka mwondoke nayo.

Katika familia nyingi nilizozihudumia, hasa za wakulima wa barabara ya kwenda Kabambare, mtoto hapewi jina hivihivi. Wanawake wa upande wa baba wanakuja maternite, wanamfungua mtoto nguo, wanamtafuta. Ndivyo wanavyosema: kumutafuta mutoto. Wanaanza na nywele, wanashuka. Nywele za babu fulani. Paji la mjomba fulani. Sikio hili, eh, sikio la marehemu! Wanashuka hivyo mpaka kucha za miguu, na yule aliyeonekana zaidi katika mwili wa mtoto ndiye anayempa jina. Kizuri chote ni cha kwao, na kilichobaki, kama kilio kikali, ni cha mama. Kazi ya mkunga pale ni moja: funika sehemu ambayo haitazamwi, mtoto asishikwe na baridi. Mtoto akishapata jina, ana ukoo, ana shamba, ana mahali pa kuzikwa. Asipopata, hana hata mkeka.

Furaha alikuwa binti wa Kabambare aliyeolewa katika familia mojawapo ya hizo. Mume wake alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Wamaza, na Furaha akamfuata kwa muda, akawa anawapikia wachimbaji fufu, ule ugali wa muhogo, na majani yake. Akarudi na mimba. Alikuwa na watoto wawili tayari, na wote wawili niliwapokea mimi. Mtu wa maneno machache, Furaha. Akiumwa na uchungu anauma kona ya kitenge, basi.

Mwenye amri katika nyumba ile alikuwa Shangazi Sifa, dada mkubwa wa mume. Wazazi wao walikufa mapema, naye ndiye aliyemlea huyo ndugu yake mgongoni. Alikuwa akiuza mafuta ya mawese sokoni, mrefu, sauti yake inafika kabla yake. Na alijulikana kwa viatu. Mvua inyeshe, soko liwe tope mpaka kwenye vifundo, wenzake wote wavue waweke viatu kichwani, Shangazi Sifa anabaki na viatu vyake vya kufunga kwa kamba. Watu walimtania, "Madamu wa mawese!" Naye anawajibu, "Nunua ama upite."

Furaha alizaa msichana asubuhi moja ya mvua, mume wake akiwa bado machimboni. Nilipompokea tu mikononi nilijua. Ule ulaini. Nikamkausha, nikatazama macho, shingo, viganja. Nikasikiliza moyo kwa muda mrefu, maana watoto hawa mioyo yao mara nyingine ina tundu, kumbukeni hilo, sikilizeni moyo. Ulikuwa unapiga vizuri. Nikashuka miguuni, na hapo nikakuta jambo ambalo si la ugonjwa ule. Mguu wa kushoto, kidole cha pili na cha tatu vilikuwa vimeshikana, ngozi moja, mpaka karibu na kucha.

Nikatazama miguu ya Furaha: vidole vyake vyote vimeachana. Nikamwuliza vya mume wake. "Viko sawa tu," akasema. "Kwa nini?" Nikasema hakuna kitu. Nikaifunga ile miguu vizuri, kitenge mara mbili, kwa sababu niliwaza: uso wenyewe utaleta maneno, na vidole hivi vitaongeza kuni kwenye moto.

Kisha nikavuta kiti. Nikamwambia yote. Mtoto wake atachelewa kukaa, atachelewa kutembea na kusema, atajifunza polepole, lakini atajifunza. Nikamweleza sandali za Mama Zaina. Furaha akanisikiliza mpaka mwisho.

"Atanyonya?"

"Atanyonya. Kwa taabu mwanzoni, lakini tutamfundisha."

"Basi mulete."

Shangazi Sifa akafika na wanawake wawili, wake wa binamu zake, wamelowa. Wakasalimu, wakanawa mikono, maana mimi bila maji hupiti. Wakamlaza mtoto juu ya kitanda, wakaanza.

Nywele. Shangazi Sifa akazishika. "Hizi za nani? Laini namna hii?" Akaziachia. Paji, si la mjomba yeyote. Macho. Akainama karibu, akatazama sana, akanyanyuka. Pua. Ulimi uliokuwa unachungulia. Alipofika shingoni aliacha, akarudisha kitenge juu ya mtoto.

"Furaha," akasema, na sauti yake siku hiyo ilikuwa ndogo, jambo lililonitisha zaidi, "ulikaa kule kwa machimbo na watu wa kila pahali. Mimi sitakutukana. Lakini huyu uso sijauona kwetu. Jina ya kwetu siwezi kupa uso nisioujua. Ukipata nguvu utarudi na huyu kwa wazazi wako Kabambare. Wale wawili watabaki."

Mnalielewa neno hilo? Wale wawili watabaki. Furaha angepanda pikipiki na mtoto mmoja, na wawili wengine wangekua wakimsahau. Niliona mkono wake ukishika chuma cha kitanda.

Nikaingilia. Nikaeleza kromosomu, nikaeleza jozi, nikaeleza msikiti na sandali, nikasema nimewaona watoto kama huyu wa baba mkulima, wa baba mwalimu, wa baba pasta, na wote walikuwa na uso wa udugu. Nilisema vizuri, wallahi, Mama Zaina angenisifu. Shangazi Sifa akanisikiliza kwa heshima zote.

"Mama Feza," akasema, "weye ni mukunga, zalisha. Mambo ya ukoo tuachie."

Ndipo Furaha akasema kutoka kitandani.

"Hamujamaliza."

"Nini?"

"Mumeanza kwa nywele, mumeishia kwa shingo. Wale wawili mulifika mpaka kwa kucha. Na huyu iko na miguu." Maneno yalitoka yamenyooka. "Kama munamukataa, mumukatae yote, mpaka kidole ya mwisho."

Vidole! Nikataka kumkonyeza anyamaze, lakini hakuniangalia. Alikuwa hatafuti ushahidi wowote, msinielewe vibaya. Hakujua lolote. Alitaka tu binti yake apewe haki yake kamili, hata kama ni haki ya kukataliwa.

Na Shangazi Sifa, hata ungemchukia, alikuwa mtu wa desturi. "Ana haki," akawaambia wenzake. "Tumalize."

Akarudi. Mikono, akaipita. Kifua, tumbo. Akafungua kitenge changu mara ya kwanza, mara ya pili. Mguu wa kulia, akaushika, akauacha. Mguu wa kushoto, akaushika. Hakuuacha.

Mmoja wa wale wanawake akachungulia begani mwake. "Yesu wangu! Na vidole navyo!"

"Nyamaza weye," akasema Shangazi Sifa.

Mvua ilikuwa inapiga mabati kweli kweli. Akaketi mwisho wa kitanda, mzito, kama mtu aliyeshushwa mzigo. Akainama. Akaanza kufungua kamba za kiatu chake. Zilikuwa zimelowa, hazifunguki, naye akazivuta kwa kucha, akazivuta, hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kiatu kikatoka. Soksi ikatoka. Akanyanyua mguu wake wa kushoto, ule mguu ambao soko zima la Kasongo halikuwahi kuuona, akauweka juu ya shuka kando ya mguu wa mtoto.

Kidole cha pili na cha tatu. Ngozi moja, mpaka karibu na kucha.

Ee Mungu. Mkubwa umepasuka kisigino, mdogo bado umekunjamana kwa maji ya tumboni, na ni mguu uleule.

"Walikuwa wananiita bata," akasema, hamtazami mtu. "Tangu utoto. Nilikataza hata ndugu yangu asiseme. Baba yetu ndiye alikuwa nayo, akafa huyu ndugu yangu angali ananyonya. Nilijua itazikwa na mimi." Akagusa vile vidole vidogo kwa kidole gumba. "Kumbe ilipita kwa huyu ndugu yangu, haikuonekana kwake, ikatokea hapa."

Kisha akalia. Mtu wa sauti ile akilia, jengo linasikia. Akasema, "Furaha, nilisema vibaya. Aitwe Sifa. Jina yangu. Munasikia? Sifa."

Furaha naye machozi yanamtiririka mpaka masikioni. Unajua alijibu nini? "Shangazi, vaa kiatu, chini iko maji."

Mimi nilitoka nikaenda kusimama penye ndoo za maji. Nilikuwa nimekulia katika kazi ile, nimeona damu, nimeona vifo, lakini lile lilinizidi. Katika mwili mmoja mdogo kuliko kuku, uzi mmoja umeingia mara tatu ukabadilisha uso, na palepale, bila kuharibiwa, agizo la babu aliyekufa zamani limepita katika miguu ya mwanawe bila kujionyesha, limefika. Nani alilibeba kwa uangalifu hivyo?

Lakini vijana, msije mkatoka hapa na somo la kombo. Kitu kama kile huenda kikarithiwa, huenda kisirithiwe. Mzazi anapitisha nusu tu ya alivyo navyo, na hajui nusu ipi. Sifa Mdogo angeweza kuzaliwa na vidole vilivyoachana vizuri, na bado angekuwa damu yao kamili, na Furaha bado angekuwa mwanamke mwaminifu. Hilo lilinikaa kama mwiba. Nilifurahi kila nilipowaona wale Sifa wawili sokoni, mkubwa sasa kavaa sandali za wazi, tope na lije, mdogo kando yake anapanga chupa za mawese. Lakini nilikuwa nawaza: na yule ambaye atakuja bila vidole vilivyoshikana? Nani atamvulia kiatu?

Jibu nililipata juzi tu, katika kiangazi hiki.

Mtoto wa kwanza wa Furaha, yule mvulana aliyenusurika kubaki bila mama, sasa ni mtu mzima na mke wake amezaa. Nikaitwa kama mgeni, si kama mkunga. Shangazi Sifa amezeeka, macho hayaoni vizuri, aliletwa kwa baiskeli. Sifa Mdogo ni msichana mkubwa sasa. Maneno yake ni machache na mazito kutoka, lakini yeye ndiye anayemshika shangazi yake mkono, anamwonyesha penye ngazi.

Wanawake wakaanza na nywele, kama kawaida. Sifa Mdogo hakungoja. Alikwenda moja kwa moja upande wa miguu, akapiga magoti, akafungua kitenge. Wote tukaacha. Nywele, paji, yote tukayaacha. Akaushika mguu wa kushoto, akaufikisha karibu kabisa na uso wake. Nami nikanyoosha shingo.

Vidole vilikuwa vimeachana. Vitano, kila kimoja peke yake.

Akavitazama sana. Akavihesabu kwa kuvigusa. Akatazama mguu wake mwenyewe, akarudi kwenye mguu wa mtoto. Mama wa mtoto, kisichana cha watu, alikuwa amejiinua kwa kiwiko. Furaha naye ameshika mlango.

Sifa Mdogo akaubusu ule mguu.

"Iko wa kwetu," akasema.

Shangazi Sifa akageuza uso upande ilikotoka sauti. "Mumesikia?" akasema. "Basi. Mufunike mutoto, baridi itamushika."